Mawe ya Ukweni: Safari ya Kupeleka Mbuzi Kisiwani

Tangu niteremke kwenye kamyo ya Saidi sijapata nafasi hata ya kuosha sufuria. Mama wa kwaya wamekuja, majirani wa Bigo wamekuja, na yule anayeniuzia sabuni kule Mbunya alifunga kibanda chake akaja kusikiliza. Kila mmoja nilimwanzia mwanzo, na kila mmoja alinikata katikati akiuliza habari za kiboko. Basi naandika mara moja, msomeane wenyewe. Kiboko atakuja wakati wake, na asiyeweza kumngoja aende akapike.

Habari ilianza hivi. Kasereka ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na nimemlea tangu hajaota meno, wakati bado tuko Butembo. Alipata kazi kwa tajiri mmoja wa hapa Bunia ambaye sitamtaja jina. Sisi tulimwita Patron, naye alipenda. Patron alikuwa amekwenda Ulaya akarudi na picha ya hoteli iliyokaa juu ya kisiwa, na kisiwa chenyewe kilitengenezwa na watu. Tangu siku hiyo hakutulia. Akaapa kwamba na sisi tutakuwa na kisiwa chetu ziwani, kusini kidogo ya Mahagi-Port, na wazungu watapanda ndege kuja kukikalia. Akamtuma Kasereka akawe msimamizi wa kazi. Huko Kasereka akasimamia mawe, na huko akampata Akumu, binti wa mvuvi mmoja anayeitwa Muzee Uringi. Wakapendana. Ilibaki kazi ya wazee, kupeleka mbuzi za mahari na kusema maneno.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, na niliisema wazi kabla hatujaondoka: wakwe wasimkatae. Kijana hana baba wala mama. Ana mimi, shangazi yake Katungu, na ana kaka yangu mkubwa, Muzee Paluku. Tukishindwa sisi wawili, hakuna wa tatu wa kutumwa.

Bunia hadi Iga-Barrière: mbuzi juu ya kreti, sisi juu ya mbuzi

Kamyo ilibeba chumvi, sabuni na kreti za bia. Juu ya kreti walikaa mbuzi wetu, na juu ya mbuzi tulikaa sisi. Muzee Paluku alipanda mbele na dereva, kwa sababu alikuwa amevaa abakosti mpya ya rangi ya majivu, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa tai, na hakutaka mbuzi waifahamu. Mimi nilijifunga vikwembe vitatu nikapanda juu. Beberu mmoja mwenye ndevu alikaa akinitazama usoni njia nzima, kama mtu anayengoja nimweleze jambo.

Saidi dereva ni Mwislamu, mtu mwema, haibi wala hadanganyi. Ubaya wake ni kwamba kabla ya kuendesha alichimba dhahabu Mongbwalu, na dhahabu haijamtoka kichwani. Hatujafika Iga-Barrière gurudumu likazama katika matope. Tulishuka wote, tukakata matawi, tukakunja mikono tayari kwa kusukuma. Saidi akachukua koleo, akachimba mara moja, kisha akasimama akitazama tope. Nikaona anachukua beseni langu jipya, zawadi ya mama wa binti, analijaza lile tope na kushuka nalo mtoni.

"Saidi, uko nafanya nini?"

"Mama, hii muchanga iko na rangi. Ngoja kidogo."

"Kamyo imezama, na weye unatafuta dhahabu?"

"Kamyo haina fasi ya kwenda, mama. Dhahabu njo inaweza kutoroka."

Ningedhani abiria wengine wangemzomea. Wapi! Waliacha kusukuma wakapanga mstari nyuma ya beseni, kila mmoja na tope lake mkononi, na mimi peke yangu nikabaki na mbuzi. Hata punje moja haikuonekana. Tuliingia Iga-Barrière jua limekwenda zake, tukala sombe, yale majani ya muhogo, na maharage kwa mama mmoja wa barabarani, sombe tamu kabisa, yenye mafuta ya mawese ya kutosha. Muzee Paluku alikula amesimama, ili suruali isikunjike.

Fataki: baridi na maziwa

Fataki ni baridi. Mtu wa Bunia akikwambia ameona baridi, muulize kwanza kama amefika Fataki. Saidi alitupeleka kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe, rafiki ya mama yake, mcheshi, mwenye nyumba safi. Akasema mbuzi wa Bunia watakufa wakilala nje, akawaingiza ndani pamoja na sisi. Yule beberu alijilaza juu ya miguu yangu, na hapo nilimsamehe kutazama kwake kote.

Tatizo likawa maziwa. Alinipa kikombe cha maziwa yaliyoganda, nami nikakimaliza, maana kwetu kuacha chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Akajaza tena. Nikamaliza tena, kwa heshima. Akajaza. Nilimwona anamtazama mumewe kwa wasiwasi, lakini sikuelewa, nikaendelea kuheshimu. Muzee Paluku alikuwa ameacha nusu kikombe tangu mwanzo na sasa anasinzia kwa raha. Kumbe kule, ukimaliza ndiyo kusema hujashiba.

Asubuhi yule mama alimvuta Saidi pembeni, akidhani sisikii. "Saidi, ule mama banamutesa na njaa kwabo? Kamata hii kabichi na hii biazi, umupatie mu njia." Nilipanda kamyo na kabichi mapajani, tumbo linalia kama ngoma, na aibu ambayo hadi tunapita kijiji cha Libi ilikuwa haijanitoka.

Kabla ya Mahagi: Muzee Paluku anapokelewa

Katika kijiji kimoja kabla ya Mahagi tulikuta watu wamejaa kandokando ya barabara. Wanafunzi wamepangwa mistari, akina mama wamevaa vikwembe vya sare, ngoma zimewekwa juani zikazwe. Walikuwa wakimngoja mkubwa fulani tangu juzi. Sasa ikatokea kamyo, na mbele amekaa mzee mnene, mnyoofu, ndani ya abakosti mpya isiyo na kunjo hata moja.

Ngoma zikalia. Saidi alifunga breki kwa woga. Mlango ukafunguliwa, Muzee Paluku akateremshwa kama yai, akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Watoto wakacheza na kuimba kwa nguvu zote, na vumbi likapanda mpaka nikakohoa kule juu. Nilimpungia kaka yangu mkono aseme ukweli. Akanipungia na yeye, polepole, kama wakubwa wanavyofanya.

Kisha wakamwomba neno. Mnamjua Muzee Paluku, neno halikatai. Akasimama akasema juu ya usafi wa visima, juu ya watoto kuheshimu walimu, na juu ya ubaya wa kuacha beseni jipya litiwe matope. Hapo walipiga makofi mengi zaidi, sijui walielewa nini. Wakampa kuku.

Tulipokwisha kuondoka tulipishana na gari dogo lililojaa wanaume wenye abakosti za kweli. Saidi hakungoja kuambiwa, alikanyaga mafuta mpaka kabichi ikaruka.

Tuliposimama kununua ndizi Mahagi nilimwendea. "Kaka, kwa nini hukubaambia weye si mukubwa?"

"Katungu," akasema, akimpapasa kuku, "hakuna mutu aliuliza."

Kuteremka ziwani

Kutoka Mahagi barabara inashuka kwenda ziwani kana kwamba imejikwaa. Saidi aliomba dua, mimi nikaimba wimbo wa kwaya, mbuzi wote wakateleza wakarundikana mgongoni kwangu. Kila kona ilitufungulia ziwa kubwa zaidi, jeupe kwa jua, na ng'ambo milima ya Uganda. Baridi ya Fataki niliivua pamoja na kikwembe cha kwanza, halafu cha pili.

Kasereka alikuwa akitungoja chini na mtumbwi wa mota, naye amevaa abakosti nyeupe. Mwanangu! Niliposhuka nikamshika mashavu nikalia kidogo, nilikuwa nimemkumbuka sana. Kisha nikaona mabaharia wanapakia mbuzi ndani ya mtumbwi.

"Banapeleka wapi mbuzi?"

"Kwa kisiwa, shangazi. Mahari itapokelewa kule."

Nilidhani jua limeniingia. "Kasereka, mahari inapokelewa kwa mulango ya baba ya binti. Kisiwa iko na mulango? Iko na baba?"

Akaanza kujitetea mbio mbio. Patron yuko huko, ameleta watalii wa kwanza, mzungu mmoja na mkewe, na amewaahidi kwamba wataona mila za watu wa ziwa. Mila zenyewe zilikuwa hazipatikani, ndipo akasikia kwamba msimamizi wake anataka kuoa. "Amesema itakuwa kitu nzuri, shangazi. Batapiga picha."

Muzee Paluku aliposikia picha alinyoosha kola. Basi tukapanda.

Kisiwani

Mniwie radhi, nilitegemea kisiwa. Nilikuta rundo la mawe lenye ukubwa wa uwanja wa kanisa letu, limemwagiwa udongo mwekundu juu, na juu ya udongo kibanda kimoja cha nyasi, viti vya plastiki, na maua mengi yaliyopandwa kwa mistari. Kutoka hapo hadi pwani si mbali, mtu akipiga kelele utamsikia ila hutajua anasema nini. Katikati palifagiliwa pawe pa kuchezea ngoma, na katikati ya hapo palipofagiliwa palikuwa na mavi mengi mno.

"Ile ni nini?" nikauliza.

"Kiboko," akasema Kasereka kwa sauti ndogo.

Haya, ndiyo huyo. Alikuwa na makao yake ndani ya matete ya pwani, amezaliwa humo, hana ugomvi na mtu. Patron akaagiza matete yote yakatwe, ili watalii wakikaa kisiwani waone milima bila kuzuiliwa. Kiboko aliporudi asubuhi kutoka malishoni hakuona kitanda chake, akatazama huku na huku, akaona kisiwa kipya kimejengwa, akaelewa kwamba ni fidia. Alikuwa akija apendapo na kuondoka apendapo. Patron aliwaambia wageni kwamba ni mlinzi.

Patron mwenyewe alitupokea kwa mikono miwili, ananukia manukato, anasema Kifaransa na wazungu wake na Kiswahili na sisi bila kupumua katikati. Mzungu alikuwa mwembamba mwenye kamera, mkewe mnene mwenye kofia pana, wote wawili wamechomwa na jua lakini wana adabu. Nyuma yao mbuzi wetu walikuwa wamekwisha kuanza maua. Beberu alikula mstari mzima kabla mtu hajamwona, na Patron akacheka kwa meno tu.

Wakwe hawakuwepo. Niliwaona ng'ambo, wamekaa pwani juu ya mikeka, wamevaa vizuri, wametugeukia. Hawakutikisika.

Muda si mrefu ukaja mtumbwi mdogo na mjomba wa Akumu, ndiye mchukua maneno. Kwa desturi mchukua maneno hapewi maneno na koo kavu, kwa hiyo tukampa bia. Akanywa, akasema, "Bakwe banawasalimia. Banasema bazee bavuke, bakuje ku nyumba." Patron akasema hapana, picha zitapigwa hapa. Mjomba akarudi ng'ambo, na huko nao wakamkaribisha. Akaja tena. "Banasema hapana." Bia. Akaenda. Akaja. Kila safari mtumbwi ulikwenda mshazari zaidi.

Mara ya mwisho alishuka amejishikilia kwa kaka yangu, akatuambia sababu. "Muzee, angalia. Mukwe na mama ya muke yake habaonane uso kwa uso. Njo heshima yetu. Ku kijiji, mama akimuona mukwe anakuja, anaingia mu mihogo, anapita nyuma ya nyumba. Hapa atapita nyuma ya nini?"

Tuligeuka wote tukakitazama kile kisiwa. Hakuna mhogo, hakuna ukuta. Kibanda chenyewe hakina kuta, wazungu wapate upepo. Kasereka alishika kichwa. Alikaa kwa watu wale siku zote hizo, aliijua desturi yao vizuri kuliko sisi, akapima kisiwa kwa hatua, akapanga viti, na hata dakika moja hakujiuliza mama mkwe atapita wapi.

Nikasema basi, tunavuka, Patron apende asipende. Lakini mjomba alikuwa ameshapata akili yake mwenyewe kutoka kwenye chupa. Aliona kazi ya kwenda na kurudi ni ya bure, afadhali awaunganishe watu mara moja. Akateleza hadi pwani, akamwambia dada yake, mama wa Akumu, kwamba mkwe ameshaondoka na aje atazame mbuzi. Mama wa watu akapanda mtumbwi kwa imani.

Kasereka alikuwa amesimama penye gati akimfukuza beberu. Akainua macho: mama mkwe huyo, ana kwa ana, karibu ya kupeana mkono. Mama akajifunika uso na kikwembe na kulia kama amechomwa. Kasereka akatazama kushoto, maji. Kulia, maji. Akakimbia, akavuka kisiwa chote na abakosti yake nyeupe, akajitupa ziwani upande wa pili.

Upande wa pili ndipo alipokuwa amelala mlinzi.

Maji yaliinuka. Kiboko hakumgusa Kasereka, na kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo. Nadhani alishtuka kuliko sisi. Alipanda kisiwani kwa mwendo ambao hamtauamini kwa mnyama wa unene ule, akasimama katikati ya viti akapiga miayo. Mzungu alipiga picha moja, nzuri nasikia, kisha akamshika mkewe mkono. Sote tukaondoka kisiwani kwa upande mmoja. Wengine kwa mtumbwi wa mota, wengine kwa ule mdogo, mimi sikumbuki kwa upi. Mbuzi waliogelea. Kaka yangu alivuka maji yakimfika kifuani, kuku juu ya kichwa, abakosti imekwisha.

Na hivyo ndivyo tulivyofika mlangoni kwa baba wa binti, kama inavyotakiwa.

Pwani

Walitufuta, wakatupa mikeka, wakatupa samaki aliyepikwa na ufuta uliosagwa, na ugali wa muhogo. Nilikula hadi nikasahau kutetemeka. Mtu anayepika samaki namna ile hawezi kuwa na moyo mbaya, nilijiambia, tutakwenda na binti.

Nilipokwisha kushiba ndipo nikaangalia nilipokaa. Pwani ilikuwa imeliwa. Kulikuwa na ukingo mrefu wa udongo umekatika kama mkate, mizizi ya miti inaning'inia nje, na tanuri la mama Akumu la kukaushia samaki limelala nusu ndani ya maji. Nyumba yake ilikuwa karibu mno na ukingo. Kila wimbi lililokuja liliondoka na udongo kidogo, huku tunakula.

Muzee Uringi ni mtu mwembamba, hana haraka. Alimsikiliza kaka yangu hadi mwisho, na hotuba ilikuwa nzuri, ila safari hii hakusema habari za visima. Akawatazama mbuzi mmoja mmoja, akawasifu. Halafu akasema:

"Muzee mwenzangu, mbuzi yenu iko nzuri. Lakini mutoto yangu hataondoka hapa na mama yake abakie juu ya hii udongo. Mawe ya hii pwani iko wapi?"

Akaeleza bila kukasirika, na kwangu hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko matusi. Kisiwa kilijengwa kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima. Mnajua salongo ya Jumamosi tunavyoifanya, jembe moja linalima na mengine yanaegemewa. Amri ilikuwa kila mtu alete mawe. Hakuna aliyesema yatoke wapi. Milima iko mbali na jua ni kali, na mawe yalikuwepo pale pale miguuni, yamejaa pwani nzima tangu enzi za babu zao. Watu wakaokota yaliyo karibu, wakatupa majini, wakaenda nyumbani mapema wakifurahi. Kila Jumamosi kisiwa kilipanda na pwani ilishuka, na wala hakuna aliyeviona pamoja. Samaki wanaoitwa ngege walikuwa wakizalia katika mawe yale na ndani ya matete, wakahama. Sasa wavuvi wanaenda mbali, wanarudi na nyavu nyepesi.

"Siye wenyewe tulibeba," akasema Muzee Uringi. "Sikatae. Lakini kulikuwa na musimamizi. Alikuwa na kazi ya kuangalia."

Kila mtu akamtazama Kasereka, aliyekuwa ameketi nyuma ya nyumba kwa ajili ya mama mkwe, kichwa tu kinaonekana, matope hadi masikioni.

"Mbuzi tutakamata," akasema mzee. "Na mawe. Mulete mawe yetu, kiisha tutamuuliza mutoto."

Kaka yangu akaongeza kuku. Muzee Uringi akapokea kuku, akashukuru, na hakubadili neno.

Patron akasimama. "Citoyen Kasereka," akasema, kama serikali inavyomwita raia, "ukigusa jiwe moya ya kisiwa yangu, kazi imeisha."

Mtoto wangu alipenda ile kazi. Alitaka kununua mashine ya kushonea kwa ajili ya mkewe, alitaka nyumba ya bati. Nilimwona anakitazama kisiwa. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, kwa upande ambao mama mkwe hayupo, akasema, "Mi nilihesabu batu. Sikuangalia mawe inatoka wapi. Ni mi." Akavua koti la abakosti, akaingia mtumbwini. Nilijivunia kijana wangu na nilimwogopea, vyote kwa pamoja, na nikapanda mtumbwi nyuma yake.

Kiboko alikuwa bado juu, amemaliza maua yaliyobaki. Tukaanzia mwisho ule mwingine, kimya kimya, naye akatuachia. Mtumbwi wa kwanza ulirudi na mawe yetu, wa pili akaja mjomba akiwa ameanza kulevuka, wa tatu wakaja vijana wa kijiji na mitumbwi yao. Hakuna aliyewaita. Ilikuwa salongo ya kwanza katika maisha yangu ambayo sikuona mtu ameegemea kitu.

Mama Akumu ndiye aliyejua kila jiwe lilikaa wapi. Lakini hakuweza kusema na mkwe wake, kwa hiyo alisimama ametupa mgongo, na mimi nikasimama katikati.

"Mwambie ule mutu jiwe kubwa iende chini ya tanuri."

"Kasereka, chini ya tanuri."

"Mwambie si pale. Anaweka kama mutu analaza mutoto. Akaze!"

"Kasereka, kaza!"

Ndipo yule mzungu mwanamke akaweka kofia chini, akavua viatu, akabeba jiwe. Mumewe akafuata. Walikuwa wameahidiwa mila za watu wa ziwa, na kwa kuona kwao hii ndiyo mila yenyewe, arusi ya mawe, na hakuna Kifaransa cha kutosha kati yetu cha kuwaambia vingine. Walitabasamu, walitoka jasho, walimwita Patron aje naye. Patron akatazama kisiwa chake kinavyopungua, akatazama watalii wake wa kwanza wanavyofurahi. Nilimhurumia kweli. Mwishowe akachagua jiwe dogo, akaliinua, akageukia kamera.

Tulifanya kazi hiyo hadi siku iliyofuata. Hatukumaliza, msidanganywe na wanaosema tulimaliza. Matete yatachukua misimu kuota, na ngege hakuna anayejua. Lakini mbele ya nyumba ya mama Akumu kulikuwa na mstari wa mawe, na wimbi lilikuwa linakuja, linavunjikia pale, linarudi mikono mitupu.

Watu wakakaa tena kwenye mikeka. Kwa desturi yao, binti anaulizwa mbele ya wote, na akisema hapana mbuzi wanafunguliwa kamba. Akumu alitoka ndani amepakwa mafuta, kikwembe kipya, mrefu, mzuri. Mabega yake yalikuwa na michubuko ya mawe kama ya sisi wote. Baba yake akamwuliza: "Akumu, tupokee?"

Alitupita sote akaelekea ziwani, akaingia majini na kikwembe chake kipya, akapanda juu ya mawe. Alitembea juu yake moja baada ya jingine, akikanyaga kwa uzito wote. Moja likatikisika. Akasimama hapo, akageuka akamtazama Kasereka.

Kasereka alishuka. Alipiga magoti ndani ya maji, akalitoa lile jiwe, akachimba na vidole, akaligeuza, akalipachika tena, akalisukuma kwa bega. Akumu akakanyaga. Akarukaruka juu yake mara mbili kama mtoto.

"Baba," akasema, "mupokee mbuzi."

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, kisha nikakaa chini nikalia mbele ya wakwe bila haya hata kidogo.